Bomba la Soseji Lililopimwa kwa Ugali

Posa yangu nusura ife kwa sababu ya meno ya baba. Wageni walinawa mikono, wakaaga kwa heshima zote, wakarudi kwao ng'ambo ya ziwa Singidani bila kugusa nyama. Mimi nikabaki jikoni na kanga yangu mpya, nikilia kama niliyefiwa.

Katika ukoo wetu pale Unyambwa, wachumba wakija kuposa, baba wa binti ndiye anayeanza kula. Anapewa kidari cha ng'ombe, anakishika mkononi, anakata kwa kisu chake mwenyewe, anatafuna, anameza. Akimeza amekubali, na wengine wanaendelea. Asipomeza, hata awachekee wageni namna gani, amekataa. Sasa baba yangu hakuwa na jino la kutafunia. Maji ya kwetu yanageuza meno ya kila mtu kuwa ya kahawia, hilo halimshangazi yeyote, lakini ya kwake yalimeguka moja baada ya jingine mpaka yakaisha, na yeye kimya, hakumwambia mtu. Siku ile alitafuna, akatafuna, macho yakamtoka pima. Mwishowe aligeukia pembeni akatema. Nilikuwa nachungulia mlangoni, nikaona baba yake mchumba wangu anavyokunja uso.

Jioni mama alimwekea uji na nyama iliyotwangwa. Baba akausogeza mbali.

"Uji ni wa mtoto na mgonjwa," alisema. "Mimi hapo ni yupi?"

Mama akaondoa bakuli. Mimi nilikuwa na hasira na baba siku nzima, lakini nilipomwona amekaa pale na njaa yake na aibu yake, hasira yote ikaniisha. Nilimhurumia baba yangu, basi.

Kijana mwenyewe, Mungu ambariki, hakukata tamaa. Alimsumbua baba yake mpaka mzee akakubali kurudi mara moja tu, baada ya mavuno. Nikajua kabisa: wakiondoka tena na njaa, nimeshakosa mume.

Mama alipokuwa msichana aliwahi kusaidia jikoni misheni, huko alikoona Wazungu wanavyosaga nyama na kuijaza kwenye utumbo. Tukiwa tunapepeta mtama aliniambia, "Soseji unaishika mkononi. Unaikata kwa kisu. Na haitaki jino." Nilimwangalia kama aliyerukwa na akili. Kisha nikaelewa, nikaangua kicheko mpaka mtama ukamwagika.

Kutwanga nyama kwenye kinu haikuwa shida, wala kuosha utumbo kwa majivu na chumvi. Shida ilikuwa kujaza. Tulianza na pembe la ng'ombe lililotobolewa nchani, tukasukuma nyama kwa mwiko. Ilikwama, tukasukuma zaidi, utumbo ukapasuka na kumrukia mama kifuani. Halafu fundi wa mabati akatutengenezea bomba la bati, zuri kweli, linang'aa. Mara ya kwanza lilifanya kazi. Mara ya pili lilifumuka ubavuni na kunichana kidole. Mama alilitupa uani, akasema hataki tena kitu cha kuchezea watoto, anataka kitu atakachozeeka nacho.

Basi tukaenda Singida mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja aliyekuwa akinunua vyombo vya Waingereza wanaorudi kwao. Mama alibeba kibuyu cha asali cha kubadilishana na kifurushi kingine ambacho hakuniambia ni nini. Mwenye duka alitutolea mabomba mawili. La kwanza jepesi, jeupe, lina mkono mdogo wa kuzungusha, lilipendeza kuliangalia. La pili lilikuwa jeusi, la chuma kizito, lenye mdomo mrefu na mpini wa kukandamiza, na mbao ya mpini ule ilishavunjika ikabaki chuma kitupu. Mimi nilishachagua la kwanza moyoni.

Mama akafungua kifurushi. Lahaula! Ulikuwa ugali wa mtama, wa jana, mgumu wa kuvunja dirisha.

"Mama, unafanya nini?" mwenye duka aliuliza.

"Nalionja, bwana. Wewe huuza nguo bila watu kuipima?"

"Lakini hiyo mashine ya nyama!"

"Likiweza kusukuma ugali huu, nyama italisumbua kwa lipi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Watu walishaanza kujaa mlangoni. Mama akashindilia ugali kwenye lile jeupe, akazungusha, mkono ukapinda pale pale, na mwenye duka akashika kichwa. Kisha mama akashindilia kwenye lile jeusi. Alikandamiza kwa uzito wake wote, mishipa ikamtoka shingoni, nami nikashikilia kitako. Ugali ukatoka mdomoni taratibu, mrefu, bila kukatika. Watu wakapiga vigelegele. Hata mwenye duka alicheka. Alichukua asali yote, akatukabidhi lile jeusi, akalinyoosha lile jeupe kwa nyundo, akatuomba tusirudi tena na ugali.

Wageni walipokuja, jirani yetu Mwislamu ndiye aliyechinja, mbele ya macho ya wote, asije akatokea mtu wa kuuliza habari za nguruwe. Mama alichukua nyama ya kidari, yote, akaitwanga na vitunguu na mafuta kidogo, tukajaza, tukachemsha, tukapitisha kwenye makaa. Kwenye sinia alipanga soseji, na pembeni yake akaweka ile mifupa ya kidari, mitupu, imekwanguliwa vizuri.

Baba yake mchumba wangu aliitazama sinia. "Na kidari kiko wapi?"

Mimi nyuma ya mlango nikasogeza jicho kwenye ufa. Baba hakuwa ameambiwa kitu. Aliangalia soseji, akaangalia mifupa, akaangalia upande wa jikoni aliko mama. Kisha akachomoa kisu.

"Kiko humu," alisema. "Mifupa yake hiyo hapo."

Akashika, akakata, akatafuna kwa fizi. Akameza. Nikaliona koo lake likipanda na kushuka, na machozi yakanitoka.

Baba yake mchumba akafuata. Alikata kipande kidogo, kwa wasiwasi. Akakata kingine, kikubwa. Cha tatu kilipofika mdomoni alianza kucheka, na alipocheka tukaona: fizi tupu, kama za baba. Yule mzee naye! Kumbe tangu safari ile ya kwanza wote wawili walikuwa wanaogopa kidari kile kile.

Habari za ng'ombe wa mahari ziliisha upesi. Mwisho mzee aliuliza nyama ile imejazwaje, akaonyeshwa bomba, akasema, "Sisi pia tuna ombi letu. Binti aje na hilo bomba."

Nilifura. Nilitaka kutoka nikamwambie kwamba baba hana jingine, kwamba mama ameaibika dukani kwa ajili yake. Lakini baba alishajibu: "Atakuja nalo." Mama alimnunia siku nyingi, kisha akarudia pembe lake na mwiko wake, akilalamika kila alipojaza.

Nikaolewa ng'ambo ya ziwa, na baba akaanza kupita kwetu. Kila mara alisema amekuja kuniangalia tu, hakai. Lakini chini ya koti alikuwa na paja la mbuzi limefungwa kwa majani, na baba mkwe alishamwona toka mbali na kuanza kunoa kisu. Nilijaza, wakala, wakabishana habari za malisho na kodi ya Mwingereza, wakachekana mapengo. Sikuwahi kumwona baba akimcheka mtu vile wala kukubali kuchekwa.

Baba mkwe alifariki msimu wa mavuno. Baada ya matanga baba alikuja tena, peke yake, bila paja la mbuzi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akaketi pale pale walipozoea kuketi. Nikaenda kuchinja kuku, nikatoa bomba, nikaliweka mezani.

Akalisogeza kwangu.

"Lirudishe, mwanangu," alisema. "Leo nipe uji."

Nikampikia uji wa uwele. Akaunywa wote, kisu kikiwa kiunoni.