Msiba Niliouvaa Kwenda Ukweni

Nichekeni tu, hata mimi najicheka, ila najicheka mchana. Enzi hizo mambo yameshakuwa ruksa, marobota ya mitumba, kafa Ulaya tulivyoiita, yamejaa sokoni Mbinga, nami nashuka Lipingo kujitambulisha kwa wazazi wa Oliva, basi nikajichagulia koti la jeshi la Marekani lenye beji ya kifaru na tepe za nishani (koti zito, na kule ziwani joto, lakini uchumba ni uchumba), nikalipiga pasi, nikaenda.

Nikapokewa vizuri. Bibi yake Oliva alipoitikia shikamoo yangu akashika mkono wa koti. "Mjukuu wangu, la nani hili?"

Ningesema langu, yaishe. Nikajitia kujua! "La afisa wa vifaru, bibi, shujaa wa vita huko Marekani. Alishakufa."

"Ndugu zake wamekupa baada ya matanga?"

"Hapana, nimenunua."

"Kumbe hajaliliwa! Nguo ya marehemu huvaliwaje kabla ya kilio?"

Akaangua kilio palepale, na kule kilio kikisikika majirani hawaulizi, wakaja na kuni, wakaja na unga, wanawake wakakaa chini, na baba yake Oliva akanigeukia, "Haya mfiwa, tupe wasifu wa marehemu."

"Baba, simjui."

"Umevaa nguo yake, humjui?"

Nikasimama, nikatunga: kazaliwa shambani, kaingia jeshini kijana, kavusha kifaru chake mtoni wenzake wamekwama, kavishwa nishani. Watu wakatikisa vichwa, nami nikanogewa. Halafu mdomo ukaenda wenyewe. Nikajisikia nasema kifaru kiliwaka, yeye akatoka mzima, akarudi kumvuta dereva, na dereva akamshika hapa, begani, hakumwachia. Sikupanga kusema hivyo. Koti likawa la moto, likanuka dizeli.

"Livue," bibi akasema polepole. Hakuwa analia tena.

Nikalivua. Nyuma ya bega palikuwa na alama ya kuungua, vidole vitano (pasi yangu ya mkaa haina vidole).

Tukalizika nyuma ya nyumba kwa sala zote, mimi na singlendi yangu iliyotoboka mbele ya wakwe.

"Wenzako huja na jogoo," baba yake Oliva akasema, "wewe umetuletea maiti." Oliva akaziba mdomo asicheke. "Lakini umemzika. Utarudi."

Nilirudi, na shati jipya la dukani, la kunibana, na nguo ya nisiyemjua sivai tena. Ila bibi, kila nikimwamkia, hunigusa bega kwanza, na sijathubutu kumwuliza kama limeshapoa.