Nei Tekaobo na Shimo Lisilo Lake

Maji yamekupwa, na Nei Tekaobo yumo shimoni, tope limemfika magotini. Anachota maji kwa kiganja, anayaonja, anatema.

"Chumvi," anasema. "Lakini si ya kuua. Leta kikapu."

Shimo si lake. Ni la jirani yake, Nei Aritita, anayekuja mbio na kikapu. Miaka miwili iliyopita, kuingia shimo la mwenzako lilikuwa jambo la kupigana.

Hapa kisiwani Nonouti, babai, magimbi yetu makubwa ya shimoni, hayalimwi hadharani. Kila ukoo una majani yake ya mbolea na namna yake ya kuyatia. Mimi nimeoa hapa, mwaka wa kumi na tano huu, na baba mkwe hajanionyesha hata jani moja!

Siri hizo hazikumdhuru mtu mpaka bahari ilipoanza kuingia mashimoni. Bamvua la Februari mwaka jana lilivuka barabara. Kati ya mashimo kumi na moja ya kijiji, kumi yalioza. Meli ya mchele nayo ikachelewa wiki saba. Tulikula samaki na nazi, nazi na samaki, mpaka watoto wakakataa kufungua midomo.

Shimo moja tu lilibaki hai, la Tekaobo, mwenye miaka arobaini na minane.

"Aritita alikuja akaketi, akasema, 'Dada, nimekuja kwa bubuti,'" anakumbuka. "Nikajua anataka babai, nikashika kisu nimkatie. Akasema, 'Sitaki babai. Nionyeshe unavyofanya.' Mungu wangu! Nilitamani ardhi inimeze."

Bubuti ni ombi lisilokataliwa. Ukikataa, jina lako limekwisha. Lakini nani aliwahi kuomba siri? Na shimo lilikuwa mali ya mjomba wake, Ten Ruatu, aliyemkabidhi akiwa msichana. Mzee hakumung'unya maneno: akimfundisha mtu, alirudishe.

"Nililia siku mbili. Siku ya tatu nikamwona binti wa Aritita analamba sufuria tupu. Nikasema basi, shimo achukue."

Akafundisha. Mzee akalichukua. Tangu hapo Tekaobo hana shimo, na kila siku yumo kwenye mashimo ya wenzake, akiinua vikapu vya mizizi juu ya maji ya chumvi na kuvijaza majani ya aina tatu. Majina ya majani hayo nimeombwa nisiyaandike, nami sitaki kufukuzwa na wakwe.

Tukiwa tunaongea, Ten Ruatu anatokea na fimbo yake. Hajazungumza na mpwa wake kwa miezi minane. Aritita anaganda, kikapu mkononi.

"Nani kakufundisha kupanga hivyo?" mzee anauliza.

"Wewe, Mjomba."

"Muongo! Mimi nilikufundisha nusu."

Anatupa fimbo, anashuka shimoni na miaka yake sabini na tisa. Anamwaga kikapu chote, anatandika kokoto chini, kisha majani, kisha kokoto tena.

"Ukishagawa siri ya ukoo, igawe nzima! Watu waseme sisi hatujui kulima? Unatutia aibu."

Tekaobo ameshika kiuno. "Miaka yote hii, Mjomba, ulinificha?"

"Ungeolewa mbali ukaondoka nayo."

Aritita anacheka mpaka anakaa kwenye tope. Tekaobo hacheki. Analia, na mikono yake inaendelea kutandika kokoto.

Mashimo manne yameshachipua. Mzee hajasema kama atamrudishia lake, na Tekaobo hajauliza. Anachotaka ni kwamba mengine sita yapangwe upya kabla ya Februari.

"Babai inataka miaka mitatu kukomaa," ananiambia, akijifuta uso kwa kiwiko. "Bahari itarudi kabla ya hapo, najua. Irudi. Itatukuta wote tumo shimoni."