Mbwa Asiyeuma

Mara ya kwanza Mbaabu alipompiga teke mbwa wa dada yake, alimpiga mbavuni kwa buti la kazi. Mbwa akaruka hatua mbili, akalala tena majanini, akaendelea kuwakazia macho kondoo. Hakubweka wala kuonyesha meno.

"Unaona?" Mbaabu akasema. "Hii mbwa ni bure kabisa. Mwizi akikuja itamkaribisha chai."

Kajuju aliinua fimbo yake akamchapa kaka yake begani, pigo moja la haja. "Mguse tena nikuvunje mkono."

Walikuwa watu wazima wote wawili, yeye miaka arobaini na minane, Mbaabu hamsini na ushei, na walipigana hivyo tangu utotoni. Lakini Kajuju alikuwa amekaa mbali na nyumbani Muthara kwa miaka kumi na tisa, akifanya kazi katika shamba la kondoo wa sufu juu ya Timau. Alianza kwa kuokota sufu wakati wa kunyoa, akamaliza akiwa mchungaji, mwanamke pekee kati ya wanaume saba. Shamba lilipouzwa na wachungaji kuachishwa kazi, alipewa kondoo kumi na mbwa mmoja mweusi mwenye kifua cheupe, aina ya koli, mbwa wa kuchungia kondoo, jina lake Tesi.

Aliyemfundisha kazi ni mzee Kaimenyi, mkuu wa wachungaji. Mzee huyo alimwonyesha kupiga mluzi bila vidole, ulimi nyuma ya meno ya mbele, sauti ndefu ya kumpeleka mbwa kushoto, mbili fupi za kulia, moja ya kushuka ya kumlaza. Alimweleza pia habari za aina hiyo ya mbwa.

"Huyu ni mwindaji aliyekatwa katikati," Kaimenyi alisema. "Babu zake walikuwa wananyatia, wanazunguka, wanakimbiza, halafu wanaua. Wachungaji wa milima ile ya mpaka wa Skotlandi na Uingereza wakawa wanazalisha wale wanaonyatia na kuzunguka tu. Wanaomalizia kwa kuua wakawapiga risasi. Miaka mingi wakifanya hivyo, ndipo ukapata Tesi."

Kajuju hakuyasahau maneno hayo, lakini kumweleza Mbaabu ilikuwa kupoteza mate. Mbaabu alikuwa na Simba, dume la kienyeji lenye sikio lililoraruka, lililokwisha kumtoa fisi matumbo. Huyo kwake ndiye mbwa.

Wezi wa mifugo walikuja Jumanne moja ya Februari, saa saba mchana, wakati kaka na dada walikuwa wananywesha mifugo bondeni. Hakukuwa na kelele ya kuwaonya. Risasi ya kwanza ilimpata Mbaabu pajani akiwa ameinama na ndoo. Alianguka kifudifudi, akajaribu kusimama, mguu ukakataa.

Simba hakusubiri kuambiwa. Alimrukia mtu wa mbele akamshika mkono, akamtikisa mpaka yule mtu akapiga mayowe. Mwenzake akaweka mtutu kwenye shingo ya mbwa akafyatua. Simba aliendelea kuuma hata baada ya kufa. Walimng'oa kwa kuyapanua mataya yake kwa kisu.

Kajuju alikuwa amejitupa korongoni, panga lake la kukatia miiba mkononi. Akachungulia. Walikuwa wanne. Walikwisha kuanza kuwaswaga ng'ombe kumi na mmoja wa Mbaabu kuelekea kaskazini, na kondoo wa Kajuju, waliokwisha kuzaana wakafika sitini na watatu, wakifuata kwa woga. Tesi alikuwa amelala chini ya kichaka, akimwangalia yeye.

Akapiga mluzi mrefu.

Tesi akaondoka kushoto, tumbo karibu liguse chini, akizunguka mbali kabisa na watu wale mpaka akatokea mbele ya kundi zima. Ng'ombe hawakumjali, wakampita. Kondoo wakasimama. Mluzi wa pili, na kondoo wakageuka kwa pamoja, wakajitenga na ng'ombe, wakaanza kukimbia kurudi korongoni. Mmoja wa wezi alimfyatulia mbwa risasi mbili. Vumbi likaruka mbele ya pua yake, akapinda, akarudi nyuma ya kondoo.

"Kuna mtu anapiga mluzi!" mwizi akapaza sauti.

Kajuju alimsikia akija, mawe yakiporomoka chini ya viatu vyake. Aliufunga mdomo, akajibanza ukutani mwa korongo, akangoja mpaka miguu ikawa sawa na uso wake. Akakata. Panga liliingia muundi mpaka kwenye mfupa, likakwama. Mtu yule, kijana aliyevaa jezi ya mpira, alimwangukia, na wakabiringishana hadi chini. Kajuju akamshika masikio, akamgonga kichwa kwenye jiwe mara mbili. Mara ya tatu kijana aliwahi kuzungusha bunduki, na kitako kikamvunja Kajuju mdomo.

Alipopata fahamu, kijana alikuwa anaburutwa na mwenzake, akiacha mfereji wa damu mchangani. Askari wa akiba wa kijiji, waliosikia risasi, walikuwa wameanza kufyatua kutoka kilimani. Wezi waliondoka na ng'ombe wote.

Kajuju akatema meno manne ya mbele. Kwenye kona ya korongo kondoo walikuwa wamesongamana, na Tesi amesimama mbele yao, mguu mmoja hewani, akingoja mluzi wa kulala. Kajuju akajaribu. Ilitoka pumzi na povu jekundu. Akamwacha, akatambaa kwa Mbaabu, akamfunga paja kwa kitambaa chake cha kichwa, akakaza kwa kijiti mpaka kaka yake akamtukana.

"Simba yuko wapi?" Mbaabu akauliza.

Kajuju akatikisa kichwa.

"Na yako?"

Akamwonyesha kwa kidole. Mbaabu aliinua kichwa, akamwona mbwa amesimama vile vile na kondoo hawajasogea hata hatua. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akalaza kichwa chini. Watu walipofika na pikipiki kuwabeba, ilibidi mmoja wao amkamate Tesi shingoni ili akubali kuacha kazi.

Mluzi haukurudi. Baada ya miezi miwili, ufizi ukiwa umepona, Kajuju alianza kumfundisha Tesi ishara za mikono. Tesi alilazimika kugeuka kumtazama kila mara, na kila alipogeuka kondoo walitawanyika. Siku moja Kajuju alishikwa na hasira, akamtupia jiwe likampasua juu ya jicho. Akakaa chini akalia kama mtu aliyefiwa, mbwa akimnusa magoti. Kesho yake wakaanza tena. Sasa wanaelewana, ingawa si kama zamani, na hawaendi mbali.

Wanaume wa Muthara walichanga wakaleta mbwa watatu wakubwa aina ya mbwa wa polisi, masikio wima, wakawafunga mnyororo na kuwanyima chakula ili wawe wakali. Mbwa mmoja akamng'ata shavuni shemeji ya mmoja wao. Ndipo walipokwenda kwa Kajuju, Mbaabu akiwa mbele na mkongojo wake.

"Hao nao walikuwa wachungaji," Kajuju aliwaambia, akiziba mdomo kwa leso kama kawaida yake siku hizi. "Ujerumani, walikuwa wanatembea kwenye ukingo wa shamba kutwa nzima, kondoo wasiingie kwenye mazao. Ni mbwa wa kazi. Mkiwafunga hivyo watawatafuna watoto wenu."

"Tufanye nini basi?" Mbaabu akauliza.

"Wafungueni. Wapeni chakula. Halafu mniletee yule mdogo wao nimfundishe kazi."

"Yule ndiye aliyeng'ata mtu."

"Najua," Kajuju akasema, akaenda kutafuta kamba.