Mchezaji Bora wa Mechi Nisiyoikumbuka

Runinga kubwa kuliko zote katika sehemu yetu ya Namuwongo ni yangu, na niliishinda katika mechi ambayo sikumbuki hata dakika moja. Najua tulishinda kwa sababu watu wote wanasema hivyo. Najua pia kwamba bao nililifunga mimi, kwa kichwa, kutokana na kona, kwa sababu mke wangu alinionyesha kwenye simu yake. Nilimtazama yule mtu mrefu akiruka juu ya wenzake, nikasema moyoni kwamba huyu beki anafaa kusajiliwa.

Nilikuwa beki wa kati. Mashabiki wetu walikuwa na wimbo wa kukisifu kichwa changu. Miguu yangu haikuwahi kuimbiwa, na hapo sikuwalaumu. Nilikulia kambini, baba yangu akiwa sajini kutoka kaskazini. Nje ya nyumba tuliongea Kiswahili, ndani tuliongea lugha ya mama. Baba alitambua magonjwa ya aina mbili tu, malaria na uvivu. Ukishapimwa malaria ikakosekana, jibu lilikuwa limepatikana.

Basi siku hiyo, kama nilivyokuja kusimuliwa baadaye sana, mpira wa juu uliingia kwenye eneo letu kipindi cha kwanza. Mimi niliuendea kwa kichwa, golikipa wetu akauendea kwa ngumi. Mpira tukaukosa sote wawili. Ngumi yake ilinipata kando ya jicho, nikaanguka na kulala pale kama gunia. Golikipa alikuwa kijana mpole kutoka Kibuli, wa kuswali kabla ya kila mechi, na kwa miaka yote tuliyocheza pamoja sikuwahi kumsikia akimtukana mtu.

Aliyekuja kunitibu ni mzee aliyetunza jezi zetu, ambaye pia alibeba mkoba wa dawa. Alinionyesha vidole akauliza ni vingapi. Nikasema viwili. Vilikuwa vitatu. Mke wangu, aliyekuwa amekaa karibu na mstari, anasema mzee alimgeukia kocha akamwambia kwamba nimekaribia. Nikamwagiwa maji baridi, nikasimamishwa, uwanja mzima ukapiga makofi. Baadaye nikafunga lile bao, nikatangazwa mchezaji bora.

Runinga ililetwa nyumbani imefungwa nyuma ya bodaboda. Majirani walijaa sebuleni kungojea iwashwe. Ilipowaka, mwanga wake uliniingia machoni kama pilipili, nikatoka nje nikatapika kando ya ukuta. Jioni mke wangu aliifunika kwa kitenge, akawaambia majirani tunaikinga na vumbi. Waliona ni jambo la busara.

Kisha zikaja siku ambazo nazikumbuka vizuri, na ningependa kuzibadilisha na ile mechi. Kichwa kiliuma tangu asubuhi. Mlio wa kijiko ndani ya kikombe ulinikasirisha mpaka nikawafokea watoto, halafu nikajifungia chumbani nikiona haya. Mara moja nililia kwa sababu chai ilikuwa imepoa. Mtu mzima, beki, nililia mpaka mabega yakatikisika, na chai ile ingeweza kupashwa moto.

Kocha aliniambia kwa simu kwamba ni malaria. Nilipimwa, haikuwapo. Akasema ipo malaria inayojificha. Mchungaji wa kanisa la mke wangu alikuja kuniombea, akaniwekea mikono kichwani, akakandamiza kwa imani kubwa mahali palepale palipouma. Nilisema amina mapema kidogo kuliko alivyotarajia.

Mke wangu anatoka Bukavu. Alikuja huku akikimbia vita, na sasa anauza vitenge. Si mtu wa maneno mengi. Siku iliyofuata ile ya chai, akikunja nguo, akasema, "Baba watoto, wanaume wa namna hii nimewaona kule kwetu. Wao walitoka vitani. Wewe umetoka uwanjani. Vaa viatu twende hospitali."

Tulipanda mlima kwa bodaboda, na kila shimo la barabara nililihisi kwenye meno. Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alikiri kwamba hafuatilii mpira, jambo ambalo lilipunguza heshima yangu kwake kwa muda mfupi. Aliuliza kama nimewahi kugongwa hivyo kabla. Nikamwambia hiyo ndiyo kazi yenyewe. Aliacha kuandika akanitazama.

Picha ya kichwa haikuonyesha kitu kilichovunjika. Nilifurahi, nikadhani nimefaulu. Daktari akaeleza kwamba ubongo ulitikiswa ndani ya fuvu, na mtikiso wa namna hiyo hauonekani kwenye picha. Hata hasira na machozi, akasema, vinaweza kutoka hukohuko. Nipumzike, nisicheze mpaka aniruhusu, nisipige tena mpira kwa kichwa, na nionane na mshauri aliyeketi chumba cha pili. Nilitoka nimeudhika. Mguu ukivunjika watu wanakuletea matunda, wanaandika majina yao kwenye plasta. Mimi nilikuwa na ugonjwa ambao hata picha ilikataa kuutolea ushahidi.

Nilimweleza kocha yote. Alisikiliza kwa upole, akitikisa kichwa kwa huzuni ya kweli. "Pole sana, kaka," akasema. "Pumzika kabisa. Jumamosi tunakuhitaji."

Jumamosi nilicheza. Tulikubaliana kwamba nitapiga vichwa vyepesi. Hakuna aliyeuliza mpira nao utakubaliana vipi na hilo. Ulipokuja wa kwanza wa juu, mwili wangu ulikataa bila kuniuliza. Nilisogea pembeni kama mtu anayempisha mgeni mlangoni, ukapita, tukafungwa. Mashabiki walitunga wimbo mpya pale pale, na nadhani ulikuwa mzuri kuliko wa zamani. Wakati wa mapumziko nilivua jezi, nikamkabidhi yule mzee wa mkoba, nikaenda kukaa karibu na mke wangu. Aliniwekea mkono gotini tukaangalia kipindi cha pili kama watazamaji wengine.

Golikipa hakuwapo siku hiyo. Nilisikia ameanza kuogopa mipira ya juu, amewekwa benchi, kisha hata benchini hakuonekana. Nilidhani ameumia mguu.

Baadaye klabu iliandaa siku ya afya ya akili. Mfadhili alichapisha fulana, hema likasimamishwa kando ya uwanja, na sisi sote tukaitwa, hata mimi niliyekwisha kuacha kucheza. Mgeni aliyealikwa alizungumza vizuri, kwa Kiingereza, na kiongozi mmoja akatafsiri kwa Kiganda, akiyafupisha sana. Kila nilichokuwa nimekipitia kilitajwa. Halafu mgeni akasema mwenye jambo moyoni ainue mkono, hapa hakuna aibu. Tulikaa wima kama askari wanaokaguliwa. Kocha akasema vijana wake wote wako sawa.

Ndipo golikipa akainua mkono. Alisimama nyuma kabisa, fulana mpya ikiwa bado na mikunjo. Alisema usiku hapati usingizi. Alisema mpira ukiruka juu anamwona mtu ameanguka, mikono inakuwa mizito. "Na mtu mwenyewe yupo hapa hapa," akasema, "na tangu siku ile hajanisalimia."

Watu waligeuka kunitazama. Mgeni alimshukuru kwa ujasiri wake, akatazama saa. Kiongozi akatangaza soda, na baada ya soda, picha ya pamoja, wachezaji wote warushe mpira na kuupiga kwa kichwa wakitabasamu, maana mfadhili angependa kitu chenye uhai.

Sikuenda kwenye picha. Nilimkuta golikipa nyuma ya hema amekaa juu ya kreti la soda, nikavuta lingine. Nilimwambia ukweli, kwamba sikuwahi kujua ni ngumi yake. Hakuna aliyeniambia, na mimi sikukumbuka. Wiki zile sikumsalimia mtu yeyote, hata baba yangu kwenye simu.

Golikipa akasema, "Lakini ulinilaani."

Nikamuuliza nilimlaani vipi.

"Ulipoanguka nilikushika kichwa, nikakuita. Ulifumbua macho ukaniangalia, ukasema maneno kwa lugha ya kwenu. Uliyasema kwa ukali. Ukayarudia. Nimeyashika mpaka leo, kaka. Niliogopa kumuuliza mtu maana yake."

Nikamwambia ayaseme.

Aliyasema polepole, akiangalia chini. Aliyatamka vibaya, kila r imekuwa l, lakini alikuwa ameyahifadhi yote, kama mtoto anayesoma sura kwa mwalimu mkali. Niliyajua. Nilimwomba ayarudie, si kwa sababu sikuelewa.

"Ni lugha ya mama yangu," nikamwambia. "Maana yake: funga mlango, kuku wanaingia."

Alinitazama kuona kama namdhihaki. Nikamweleza kuhusu nyumba yetu ya kambini, jiko lililokuwa karibu na mlango, na unga wa mtama ambao mama aliuanika ndani wakati wa mvua. Kuku wa majirani waliujua vizuri ule unga. Aliyepita mwisho bila kufunga mlango alipigiwa kelele hizo, kwa ukali uleule. Mama alikwisha kufariki, na nilikuwa sijayasikia maneno hayo kwa miaka mingi.

Golikipa alianza kucheka, kwa ndani, akajifunika uso na fulana ya mfadhili. Alipoishusha macho yalikuwa mekundu. Upande wa pili wa hema mpiga picha alikuwa anawaomba wenzetu waruke tena.

Sasa yeye anadakia timu nyingine, ndogo, na mipira ya juu anaitokea, ingawa si yote. Mimi nauza vitenge na mke wangu, na kwa mshauri bado naenda. Asubuhi nyingi golikipa na mimi tunatembea kuelekea mlima wa Kibuli, kwa sababu daktari alisema kutembea ni vizuri. Zipo asubuhi ambazo namwambia leo ni mbaya. Anasema sawa, tunapunguza mwendo.