Nani Alimfumba Macho

Serikali ya Tanganyika, kwa masikitiko makubwa, iliwatangazia watu wote wa wilaya ya Njombe kwamba Bwana Gideoni Mtewele, mjumbe wa Baraza la Kutunga Sheria, alifariki dunia kwa ajali ya ndege katika milima ya upande wa Matamba; kwamba ajali hiyo ilisababishwa na ukungu; kwamba yeye na rubani wake walikufa papo hapo; kwamba hakuna mtu wala kitu kingine kilichohusika; na kwamba, kwa kuwa mambo yote yalikwisha kuelezwa, hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuendelea kuuliza.

Tangazo hilo lilisomwa kwenye baraza ya Boma na karani mwenye sauti nzuri, likaisha kabla mtu hajamaliza kumenya kiazi. Watu walisikiliza kwa adabu, wakavaa kofia zao, na tangu siku hiyo hawakuwa na kazi nyingine ila kuuliza.

Sababu walikuwa nayo. Gideoni alikuwa mtoto wa kijiji cha Yakobi aliyepata kusema habari za kodi ya kichwa mbele ya Gavana bila kushusha macho. Watu wa namna hiyo hawafi kwa ukungu. Ukungu Njombe upo kila mwaka mwezi wa saba, na hata siku moja haujawahi kumchagua mtu kwa siasa zake.

Huko Makambako, mahali ambapo barabara ya Mbeya, ya Iringa na ya Njombe hukutana, na uongo wa pande zote tatu hupumzika kidogo kabla ya kuendelea na safari, mambo yalikuwa yamekwisha kujulikana. Ndege ilitiwa sukari katika petroli. Rubani aliruka na mwavuli, sasa yuko Ulaya anakula pensheni. Na lile jeneza lililoletwa limepigiliwa misumari, pamoja na amri kwamba lisifunguliwe, je? Waliolibeba kwa mbele walisema ni jepesi mno, bila shaka ndani mna mgomba. Waliolibeba kwa nyuma walisema ni zito mno, bila shaka ndani mna mawe. Hawakugombana hata kidogo. Kila upande uliona kwamba ushahidi wa mwenzake unauongezea nguvu ushahidi wake.

Bibi Fidelia Mgaya wa Yakobi hakuwa na maoni juu ya sukari. Yeye alitaka kujua marehemu aliamkaje.

Swali hilo lilikuwa ndiyo kazi yake. Katika nyumba za Wabena wa upande ule, mtu akifa, kila mgeni anayeingia msibani hukaa chini, hulia kiasi chake, kisha huuliza: ilikuwaje? Na lazima awepo mtu wa kumjibu tangu mwanzo. Marehemu aliamkaje, alikula nini, nani alimshika mkono, alisema nini mwisho, nani alimfumba macho. Kifo kisichosimuliwa ni kama mgeni asiyetajwa jina: unajua yuko nyumbani, lakini hujui umweke wapi. Fidelia alijifunza kusimulia kwa shangazi yake, ambaye alimchagua, si kwa sababu ya sauti, bali kwa sababu alikuwa mtoto anayechapwa mara kwa mara kwa ajili ya udadisi, wala asikome. Tangu ujana wake mpaka meno yalipoanza kumtoka, alisimulia vifo vya wakulima, vya wazee wa kanisa, vya mlevi mmoja aliyezama katika kijito cha kuvuka kwa hatua moja. Mchungaji wa Kilutheri alipata kukemea jambo hilo, akisema ibada ya mazishi inatosha. Kisha mkewe mwenyewe akafa, na siku ya pili alimtuma mtu kwa Fidelia.

Katika miaka yote hiyo hakusimulia jambo asilolijua. Akikosa jibu alisema, "Hapo hatujui," na watu walimwamini kwa ajili ya hayo asiyoyajua kuliko kwa ajili ya yale aliyoyajua.

Sasa mama yake Gideoni, Emilia, alikuwa amekaa mkekani na hainuki. Matanga yalikuwa hayajaanuliwa. Wageni waliingia wakiuliza ilikuwaje, na yule mama alikuwa na neno moja tu la kuwapa, nalo ni ukungu. Walikuwa wakilipokea, wakiligeuzageuza, wakiona halina kitu ndani, kisha wakitoka nje kusikiliza habari za sukari. Vijana wa Makambako walikwisha kufika na kupiga kambi uani.

Jumbe Elieza alikuja kwa Fidelia akiwa na haraka ya mtu aliyesukumwa na mtu mwingine.

"Kamwene, shangazi."

"Kamwene, jumbe. Kaa. Si hapo, hapo pana kuku anaatamia."

"Shangazi, Bwana Shauri wa Boma anataka matanga yaanuliwe kabla ya Jumapili."

"Kwani amefiwa na nani?"

"Asema huu si msiba, ni mkutano usio na kibali. Jumapili ikifika watu bado wamejaa pale, atatuma askari wawatawanye. Na mimi atanitafutia mtu wa kunirithi." Elieza alifuta jasho, ingawa palikuwa na baridi. "Wewe simama usimulie, shangazi. Ndege, ukungu, basi. Emilia atainuka, watu watakwenda zao."

"Alikula nini?"

"Nani?"

"Marehemu. Asubuhi ile."

"Shangazi! Mtu ameanguka kutoka mbinguni, wewe unauliza uji?"

"Shemeji yako alipoangukiwa na mti niliuliza uji. Ukalia wewe kuliko mjane."

Elieza alifuta jasho tena, kwa kuwa ni kweli.

"Nitasimulia," alisema Fidelia. "Lakini siwezi kusimulia tangazo. Nitafutie gari la kwenda Makambako."

"Makambako kuna nini zaidi ya waongo?"

"Kuna dereva aliyeleta jeneza. Nitaanzia mkono wa mwisho, nirudi nyuma mpaka wa kwanza."

Dereva huyo aliitwa Kornelio, na alikuwa amenenepa kidogo tangu msiba uanze, kwa sababu kila aliyetaka kusikia habari za jeneza alimnunulia pombe. Alipomwona bibi kizee ameketi mbele yake bila kuagiza kitu, alianza pale alipozoea kuanza, penye mlio wa mawe ndani ya sanduku.

"Acha mawe, mwanangu," Fidelia alisema. "Gideoni alipokuja Mbeya kupanda ndege, ulimwona?"

Kornelio alishtuka. "Nilimwona, bibi. Asubuhi ile ile, hotelini pale stendi. Alikunywa chai na maandazi ya jana. Akamwambia mwenye hoteli, ukinitoza maandazi haya bei ya leo, nitalipeleka jambo hili Barazani."

"Watu wakacheka?"

"Wakacheka. Naye akacheka."

"Mbona hilo huwaambii hawa?"

"Hawajaniuliza, bibi. Nalo si la kununuliwa pombe."

Fidelia aliyaweka maandazi mahali pake moyoni. "Na jeneza ulilipokea kwa nani?"

"Kwa watu wa hospitali. Nao waliletewa miili na Wakinga walioishusha mlimani kwa machela. Mmoja wao yuko hapa hapa, ameleta viazi. Yule aliyejitanda blanketi."

Mkinga huyo, Hilari Sanga, alikuwa amekaa juu ya gunia lake na uso wa mtu ambaye amekwisha kuhojiwa vya kutosha. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha Fidelia kilikuwa cha kanisani, wakakutana katikati.

"Kama ni habari ya risasi, sikuona tundu la risasi," alisema kabla hajaulizwa. "Vijana wa hapa wameniuliza mpaka wamenikasirikia. Na kama umetumwa na askari, sikuchukua kitu. Wao ndilo waliloniuliza, nilichukua nini. Saa iko wapi, viatu viko wapi."

"Mimi nimetoka kwa mama yake."

Hilari alishuka juu ya gunia.

"Nataka kujua," Fidelia alisema, "nani alimfumba macho."

"Yupi, mama?"

"Kwani ni wangapi?"

"Wawili. Yule wetu nilimfumba mimi kwa mkono huu. Mzungu nilimkuta amekwisha fumbwa."

Palikuwa na kelele za soko, lori moja lilikuwa likipiga honi bila sababu. Fidelia aliikunja kanga yake magotini, akaketi chini kabisa kama mtu aliyefika msibani.

"Anza mwanzo," alisema. "Usiruke kitu."

Jua lilikuwa limegeuka alipomaliza kuuliza. Mwisho Hilari mwenyewe akauliza.

"Na ule moshi? Utausema na huo?"

"Ulisema mliuona."

"Tuliuona kutoka mashamba ya pareto, juu kule. Tukadhani ni wachunga ng'ombe." Aliangalia viazi vyake. "Ukisema, watauliza mbona hatukupanda."

"Watauliza."

"Sema," alisema Hilari. "Hata mimi nauliza."

Usiku ule, njiani na baadaye, Fidelia alikuwa na jambo moja la kuamua, na hakulipenda. Akisimulia yote, Bwana Shauri angeweza kuliita fitina, na fitina ilikuwa na kifungu chake cha sheria. Akipunguza, Emilia angezika kifo cha mtu mwingine, na yeye Fidelia angekuwa karani mwenye sauti nzuri. Asubuhi Elieza alimkuta anajifunga kitambaa.

"Shangazi, niambie kwanza. Ni papo hapo?"

"Utasikia pamoja na wengine."

"Tangazo limesema papo hapo!"

"Waliotangaza walikuwa na karatasi, mwanangu. Mimi nilikuwa na Mkinga."

Bwana Shauri alikuja msibani na kiti chake cha kukunja, askari wake, na subira ya mtu aliyesoma habari za mila. Vijana wa Makambako walisogea mbele wapate kusikia vizuri jina la muuaji. Msiba wa Mbena husimuliwa kwa Kibena, kwa hiyo jumbe aliwekwa nyuma ya kiti ili atafsiri.

Fidelia alisimama, akamtazama Emilia peke yake.

"Mwanao aliamka Mbeya salama," alianza. "Akanywa chai na maandazi ya jana, akawachekesha watu hotelini."

"Na sukari?" kijana mmoja akapaza sauti.

"Sukari alitia katika chai. Nyamaza." Watu walicheka, kisha wakaona haya. "Akapanda ndege. Juu ya milima ya Wakinga ukungu ukawakuta. Hapo Serikali imesema kweli."

Elieza alitafsiri hilo kwa furaha kubwa. Bwana Shauri akaitikia kwa kichwa.

"Ndege ilishuka kwa tumbo majanini, ikapasuka. Mwanao akavunjika mguu wa kulia, juu ya goti. Rubani alikufa; saa gani, hapo hatujui. Gideoni akamfumba macho, akamfunika uso kwa koti lake."

Vijana walitazamana. Walikuwa wamemfikisha rubani huyo Ulaya, wakampa pensheni. Sasa iliwabidi wamrudishe mlimani, amefunikwa koti la mtu wao.

"Kisha akajikokota mpaka penye mianzi na kurudi, alama ya kujikokota ilionekana. Akawasha moto. Moshi ulionekana mashambani, walioona wakadhani ni wachunga ng'ombe. Askari wa kutafuta walikuwa upande wa pili wa mlima, maana huko ndiko walikoambiwa watafute. Mkinga mmoja, Hilari, ndiye aliyepanda, kwa kuwa moshi ulikoma, na hilo la kukoma ndilo lililomtia wasiwasi. Akamkuta ameegemea jiwe, ameelekea upande wa njia. Hilari alimfumba macho kwa mkono wake, akamwomba radhi kwa Kikinga. Ndivyo ilivyokuwa."

Watu waliojaa uani walikuja kutafuta mtu wa kushikwa, na sasa kila mmoja alikuwa anahesabu moshi aliowahi kuuona mbali akaendelea kulima.

"Alisema nini mwisho?" Emilia aliuliza.

"Hapakuwa na wa kumsikia, dada. Hapo hatujui."

Bwana Shauri aliinamisha kichwa upande wa jumbe. Kipande kile cha mwisho kilikuwa kirefu, na tafsiri ilikuwa imechelewa kidogo.

"Anasema nini?"

Elieza alimtazama shangazi yake, akawatazama askari, akakitazama kiti cha kukunja.

"Anasema ni ukungu, bwana."

"Vizuri sana," alisema Bwana Shauri, na kwa kweli alifurahi. Alimshika Emilia mkono, akapanda gari lake. Wiki iliyofuata tangazo lilibandikwa upya Boma, kwa sababu mvua ya upepo ilikuwa imelichana, na halikubadilishwa hata neno moja.

Emilia aliomba maji. Akanawa uso, akanyolewa, akainuka mkekani, na wanawake wakaanza kukusanya vyungu. Wageni waliaga mmoja mmoja bila kelele. Vijana wa Makambako waliondoka wa mwisho, wakitembea kwa utaratibu kama watu waliobebeshwa kitu.

Alipokuwa amebaki na Fidelia jikoni, Emilia aliuliza tena, kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za safari.

"Ule moto, ulimzimikia kwa kukosa kuni?"

"Hapana," alisema Fidelia. "Hilari alikuta kuni za usiku mwingine zimebaki. Mianzi mikavu, mzigo mzima, imekatwa urefu mmoja na kuwekwa chini ya bawa la ndege, isipate umande."