Injini ya Baba na Mitupo Miwili

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu: ile baba yangu aliponiletea samaki mzima, mbuta, bila sababu. Nitakusimulia, lakini hiyo simu iweke chini kwanza. Umekuja kwangu saa za mazoezi yako kuniuliza timu gani itashinda kesho ili uweke pesa, eti kwa sababu nilicheza mpira wa kikapu na bado nautazama kwenye televisheni kila asubuhi. Ni kweli naujua mchezo. Nani ana goti bovu, nani huchoka robo ya nne, nayaona yote. Na sikwambii hata neno moja.

Usininunie. Sikiliza.

Nilikuwa msichana wa Usenge, kule ziwani, niliyeajiriwa na timu ya Kisumu. Nalipwa kwa kurusha mpira, jambo ambalo watu wa ufuoni walilicheka mpaka wakachoka. Siku hiyo tulikuwa na fainali dhidi ya timu ya Nairobi. Wakati ule watu hawakubashiri kwa simu, waliwekeana dau wao kwa wao, na mtabiri wao alikuwa Odera, fundi wa redio pale Otonglo. Huyo bwana alisafiri mpaka Nairobi kuwaangalia wapinzani wetu, akarudi akawachambulia watu: "Wale wasichana ni warefu, mpira wote wa juu ni wao. Wetu watakimbia mpaka mapumziko, halafu kwisha." Uchambuzi mzuri tu, hata leo siwezi kuupinga sana. Otonglo wakamwamini, Kisian wakamwamini, na habari ikafika hadi Usenge.

Basi asubuhi ya mchezo baba akanikuta Kisian kwa nyanya yangu, mama yake mzazi, nilikokuwa nikikaa. Kabeba mbuta. Akaketi, akaniuliza afya yangu, akaniuliza tena. Baba yangu Otieno hakuwa mtu wa kuuliza afya.

"Nyara," akasema mwishowe, yaani binti yangu, "leo usijichoshe sana. Wakishinda wale hakuna atakayekulaumu. Fundi Odera ameshasema."

"Baba, umeweka nini?"

Akatazama miguu yake. Alikuwa ameweka injini ya mashua. Injini, mwanangu, ile iliyotulisha na kutusomesha. Ameiweka kwamba timu ya binti yake itashindwa, akawekeana na Bwana Njoroge, mnunuzi wa samaki wa mjini, mtu aliyehamia kutoka Nyeri.

"Lakini mimi siwezi kupoteza," akajitetea. "Mkishindwa, nimepata. Mkishinda, binti yangu ameshinda. Si yote ni yangu?"

Mshika mawili moja humponyoka, na ya baba yalikuwa yanavutana. Akaondoka kwenda kutafuta nafasi uwanjani, mimi akaniachia mzigo.

Nilikasirika sana. Halafu hasira ikapoa, nikaanza kuwafikiria wadogo zangu, na mama, na jinsi injini ilivyo ghali. Nikamwambia nyanya kwamba pengine ningecheza polepole kidogo. Alikuwa akimpara yule mbuta, wala hakuinua kichwa.

"Akinyi, huyo Njoroge ni nani wako?"

"Si mtu wangu, nyanya."

"Mtu asiye wako amekuamini kwa mali yake. Mwanangu mwenyewe amemwamini fundi wa redio. Sasa wewe unataka kumpa haki nani?" Akapangusa magamba kwenye kisu. "Injini ni chuma. Ikienda, tutapiga makasia, hatujayasahau. Lakini wewe ukijiangusha leo, nani atakuinua? Nenda. Na kama ni kushindwa, ushindwe kweli, si kwa hisani."

Nikaenda.

Fundi Odera alipatia karibu kila kitu, simnyimi sifa yake. Walikuwa warefu, mipira ya juu waliichukua yote, na kufika mapumziko walikuwa wametuacha mbali. Nikawasikia watu wetu wenyewe wakiwashangilia wao. Sawa. Kutangulia si kufika. Asilolijua Fundi, kwa sababu hakujisumbua kuja kututazama sisi, ni kwamba kocha alikuwa ametuweka kambi Usenge, akitukimbiza kwenye mchanga kando ya omena, wale dagaa wetu, walioanikwa, mpaka tukamchukia. Ukishazoea kukimbia mchangani, sakafu ya uwanja ni starehe. Robo ya tatu tukawakaba uwanja mzima. Robo ya nne wale warefu wakawa wanashika viuno.

Mwisho kabisa tuko nyuma kwa pointi moja, nikachezewa vibaya, nikapewa mitupo miwili huru. Hapo hakuna anayekukaba. Ni wewe na ringi tu, na ukikosa hakuna atakayejua kama ulitaka kukosa. Nikamwona baba safu ya mbele, kofia mkononi. Jicho lake lilikuwa la mtu anayeogopa matokeo yote mawili. Nilimwonea huruma sana, mwanangu. Nikaurusha mpira ukaingia. Nikarusha wa pili, nao ukaingia.

Njoroge alikuja na mkokoteni kuchukua injini, mimi akaniletea soda. Baba akarudi kwenye makasia, hasemi nami. Wapo walioniambia usoni kwamba nimemfilisi mzazi wangu. Niliwajibu, na nakujibu na wewe leo kama umeanza kunifikiria hivyo: sijutii. Nirudishwe pale mara mia, nitatupa vilevile.

Kisha ikaja harusi ya binamu yangu. Unaijua pakruok yetu: katikati ya muziki mtu anampa mpigaji chochote, muziki unasimama, naye anajisifu au anamsifu mtu wake. Baba akainuka. Mimi nikainamisha kichwa, nikajua leo naaibishwa mbele ya ukoo.

"Simamisha," akamwambia mpigaji. "Mimi ni Otieno wa Usenge. Nilisema binti yangu atashindwa. Tazameni mikono yangu." Akaiinua, malengelenge matupu. "Hii ni kazi ya Akinyi. Nani mwingine hapa ana binti ambaye hata baba yake hawezi kumnunua?"

Ukumbi ulilipuka kwa vigelegele, mimi nikalia kama mtoto. Mcheza kwao hutunzwa, na tuzo yangu ilikuwa hiyo. Kikombe cha fainali hata sijui kilipotelea wapi.

Basi nasaha yangu ni hii. Mtabiri ni mtu aliyekaa. Anaweza kujua mengi, anaweza hata kupatia, lakini amekaa, na wewe una miguu. Kocha wako ameniambia umeacha kwenda mazoezini kwa sababu ya hiyo simu. Unawapimia wageni wa ng'ambo nguvu zao, na za kwako hujazijua. Wakikwambia mrefu ndiye atashinda, waache waseme, kisha nenda ukakimbie mchangani. Na usiweke kitu chako dhidi ya watu wako, hata hesabu ikikuonyesha kwamba huwezi kupoteza. Baba yangu naye aliipiga hesabu hiyo.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe malengelenge ya kazi yako mwenyewe, na siku utakaposimama peke yako mbele ya ringi, asiwepo mtu anayejua bei yako. Haya, chukua viatu vyako. Wenzako wameshaanza kukimbia.