Namba Themanini na Nane

Shule yetu ya mapadre ina wavulana mia sita na mwanamke mmoja. Huyo mmoja ni fundi cherehani, na chumba chake kiko kati ya kanisa na bweni, mahali ambapo ubani na soksi hugombania hewa. Wavulana humwita Mama Vifungo. Kila shati hupitia kwake lishonewe namba kwenye kola, maana dobi hajui sura za watu, anajua namba tu. Na kifungo alichoshona mama huyu hakitoki. Shati litachanika kwanza.

Mimi ni mtunza stoo. Ukuta kati ya stoo na chumba chake ni wa mbao nyembamba, kwa hiyo namsikia hata akipiga chafya. Jumapili wazazi wakifurika uwanjani, yeye hujifungia ndani na kupiga pasi mashati ambayo yalishapigwa.

Mwanawe alisoma hapa, namba 88. Akaenda ng'ambo, akapiga simu mwaka mmoja, kisha kimya. Huu ni mwaka wa kumi na moja. Miaka yote hiyo, mama akigawa namba, huruka kutoka 87 hadi 89. Niliona zamani, nikajifanya sijui.

Mwaka huu Padre Mkuu, mtu wa kuhesabu hadi mishumaa, akagundua.

"Mama, themanini na nane yuko wapi?"

Cherehani ikanyamaza.

"Hayupo, Padre."

"Basi mpe huyu."

Alikuwa mtoto wa kidato cha kwanza, mwembamba, shati ndilo lililomvaa. Mama akashona namba bila kumtazama. Siku hiyo hakugusa chai niliyompelekea. Roho iliniuma, nikamkasirikia Padre kimoyomoyo, na ushujaa wangu ukaishia hapo.

Jumapili ya kwanza, yule mtoto akagonga mlango wake.

"Shikamoo, mama. Kifungo kimekatika."

"Marahaba. Wa kwenu hawajaja?"

"Hawajaja."

Jumapili ya pili, kifungo kingine. Ya tatu akaja tena, nami nilikuwa mle ndani nikichukua vikombe. Mama akasogeza shati dirishani. Nyuzi zilikuwa zimekatwa sawasawa, kwa wembe. Akanitazama, mimi nikatazama dari.

"Kaa, mwanangu," akamwambia. "Hii itachukua muda."

Haikuchukua muda wowote. Alikishona kifungo kile kwa uzi mmoja tu, akaukata bila kufunga fundo.